Walioyapa Mashindano Mgongo

Katika kona ya tatu, pale njia ya zamani ya miwa inapokutana na mfereji, nilimweka kijana wa miaka 19 nikampa kamba na filimbi. Nikamwambia, "Uso wako uwe kwa watu, si kwa pikipiki. Ukigeuka kutazama mbio, na watu nyuma ya kamba watasogea." Akajibu, "Ndiyo, Papa," akasimama. Siku mbili pikipiki zilipita nyuma yake, hatua nne tu kutoka kisogo chake, zikimmwagia vumbi na changarawe shingoni, wala sikumwona akigeuka. Hayo yalikuwa Kiliba, kaskazini ya Uvira, mashariki ya Kongo, Julai 2019. Kila ninapoyakumbuka mashindano yale, anayenijia kwanza si mshindi. Ni kisogo kile kilichojaa vumbi.

Fikira yenyewe ilizaliwa msibani. Mwaka ule nilikuwa nimetimiza miaka 11 ya kubeba abiria, na nilikuwa katibu wa likelemba yetu, chama chetu cha kuchangiana, kwenye parkingi moja ya mtaa wa Mulongwe, Uvira. Mwezi wa tatu tulimzika mwenzetu aliyekufa kwenye barabara ya kwenda Kalundu, akishindana na rafiki yake saa mbili ya usiku, kila mmoja na abiria mgongoni. Tulikaa matanga siku tatu. Siku ya tatu, kwenye benchi, chini ya hema, nikawasikia vijana wamekwisha anza tena: TVS inakimbia kuliko Boxer, hapana, Boxer haishikwi kwenye mlima. Mzee mmoja aliyekuwa akiota jua karibu nao hakuwakemea. Alisema tu, "Kama ni lazima mshindane, tafuteni mahali pasipopita watoto wa watu."

Neno hilo halikunitoka. Barabara yetu ya taifa namba 5 inatoka Bukavu, inashuka Kamanyola, inakata bonde lote la Ruzizi kwa Luvungi na Sange, inapita katikati ya Uvira, kisha inalifuata ziwa kuelekea Makobola, Baraka na Fizi. Mjini, milima ya Mitumba iko upande mmoja, maji ya Tanganyika upande wa pili, na kati yao hakuna nafasi kubwa. Kila kitu kimebanwa kwenye barabara hiyohiyo: lori za kutoka Kavimvira, mama mwenye beseni la ndakala kichwani, wanafunzi, mbuzi, jeneza, harusi. Na sisi wamotari tulikuwa tumeigeuza uwanja. Hakuna aliyetutuma. Ujana na injini, hivyo viwili vikikutana, hutafuta pa kupimana, na pasipotengwa mahali, pa kupimania panakuwa popote.

Kiliba ilinijia akilini kwa sababu ya miwa. Kiwanda cha sukari kilisimama mwaka 1996, vita vilipoanza, lakini njia zilizopitisha matrekta ya miwa zilibaki kwa miaka mingi: zimenyooka, udongo mgumu, mifereji kandokando. Wakati wa kiangazi nyasi hukauka na mtu anaona mbali, mpaka miti iliyoko kwenye mto Ruzizi, na nyuma ya mto ni Burundi. Tulipima kwa miguu mzunguko wa kilomita 3 hivi, wenye kona sita. Kabla ya kupima tulikwenda kwa kapita, kiongozi wa kijiji, na kuku mmoja na heshima zetu, na kapita akatupeleka kwa wenye mashamba ya mihogo yaliyopakana na njia, mmoja baada ya mwingine. Baada ya hapo zikafuata barua. Ziligongwa mihuri mitano. Sitasimulia kila mlango, lakini sharti moja lilirudiwa kila nilipoketi: saa tisa ya mchana kila kitu kiwe kimekwisha, ili hata yule anayetembea kwa miguu afike kwake kabla ya giza. Mtu wa bonde la Ruzizi haelezwi sababu ya sharti kama hilo.

Usiku nilikuwa nikisoma kwenye simu jinsi wengine wanavyofanya. Kuna kisiwa kinaitwa Isle of Man, kati ya Uingereza na Ireland, ambako watu wameshindana pikipiki barabarani tangu mwaka 1907. Mzunguko wao wa milimani unazidi kilomita 60. Mamia ya watu wa kujitolea husimama kandokando wakiwa na bendera, na wasipotimia katika vituo vyao, hakuna pikipiki inayoachiwa kuondoka, hata kama bingwa wa dunia amekwisha vaa kofia yake. Nikaliandika hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu: Mlinzi mmoja akikosekana, hatuanzi. Nililiandika kwa kalamu nyekundu. Nitaeleza jinsi nilivyolivunja.

Tulipata waendeshaji 32, wote wamotari wa Uvira, Kiliba na Sange, hakuna hata mmoja aliyewahi kushindana mbele ya bendera. Walinzi, wapiga filimbi, wabeba maji, waandishi na waganga walikuwa 46. Wale 46 ndio ninaowaandikia.

Fundi cherehani wa Kasenga alishona bendera. Nyekundu ya kusimamisha wote aliikata kutoka kwenye joho la kwaya lililochakaa, na ya njano ya kuonya hatari mbele ikatoka kwenye kitenge cha mke wake. Wakulima wa Luberizi walitupa pumba za mpunga bure. Tukazijaza kwenye magunia tukayapanga kwenye kona zote sita, mawili kwa kimo, na nje yake tairi kuukuu za lori. Bamba za namba tulizikata kwenye bidoni za mafuta ya mawese. Mafundi wawili wa gereji waliamka alfajiri ya Jumamosi kukagua kila pikipiki: shene, breki, kebo ya gesi, spoku. Vioo vilitolewa, taa zikafunikwa kwa gundi ya karatasi ili kioo kisimwagike njiani. Waliwakataza wanne wasiingie. Mmoja wa wale wanne alikuwa mdogo wake fundi mwenyewe, na breki yake ya nyuma ilikuwa imekwisha. Alilia kama mtoto. Fundi hakuinua macho. Alipitisha ile inayofuata.

Sasa esansi, yaani petroli. Hapa nitakaa kidogo.

Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, kaskazini ya pale tulipokuwa tunapanga mashindano. Watu wakakimbilia na sufuria na bidoni. Wengine walikuwa wamejazana kwenye ukumbi wa video wakitazama Kombe la Dunia. Moto ukawaka. Walikufa zaidi ya watu 230, wakazikwa katika makaburi ya pamoja, na kila mtu wa bonde letu ana jina lake analolikumbuka katika hao. Kwa hiyo wenzangu waliposema wakadafi, wale wanaouza esansi kwenye chupa barabarani, waruhusiwe kujipanga karibu na mstari wa kuanzia ili kazi iende haraka, nilikataa, na nilikataa kwa sauti. Mahali penye mashine watu hukusanyika, na waliokusanyika hawaangalii kilicho miguuni mwao.

Esansi yote tukaiweka chini ya mwembe mmoja, hatua 200 kutoka kwa watazamaji. Nilimwomba mzee wa Sange aje kuilinda. Alikuwa amewazika wajukuu wawili mwaka ule wa 2010. Nilipomwomba hakuuliza malipo wala chakula. Aliniuliza, "Saa za mchana upepo unatoka wapi?" Nikamwambia unatoka ziwani. Akaenda kusimama chini ya mwembe kwa muda, akarudi akaniomba tuhamishie bidoni upande wa pili wa shina. Akataka ndoo tatu za mchanga na fimbo. Siku zote mbili aliketi kwenye kigoda chake. Mwenye sigara hakufika, mwenye simu mkononi alirudishwa, na pikipiki ilisukumwa ikiwa imezimwa mpaka kwake, ikajazwa, ikasukumwa kurudi. Kutoka pale alipoketi, njia ya mbio haionekani. Kuna kichuguu na vichaka.

Jumamosi ilianza vizuri. Wanawake wa Kiliba walichota maji mferejini na kuyamwaga kwenye kona kabla ya kila mbio, kwa maana vumbi la bonde lile ni jepesi kama unga, na pikipiki ya kwanza ikishapita, wa nyuma wanaendesha kwa kubahatisha. Tulilipa kwa kila bidoni. Makundi matatu ya kwanza yalizunguka bila mtu kuanguka. Saa sita jua likawa juu ya vichwa, na hapo ndipo lilipotokea kosa langu.

Katika daftari langu kulikuwa na pesa za mihuri, za vipaza sauti, za zawadi, za sukre, yaani soda, za wageni wa heshima. Hapakuwa na chakula cha walinzi. Sikukisahau kwa bahati mbaya. Nilikuwa nimejiambia kwamba watu waliokuja kwa kupenda wenyewe watajua la kufanya. Watu waliosimama juani tangu saa moja asubuhi, wengi wao hawajatia kitu mdomoni. Walinzi wawili wa njia ndefu kati ya kona ya nne na ya tano wakaondoka kutafuta cha kula. Mmoja wa wenzangu alikuja kuniambia. Kundi la nne lilikuwa tayari limepangwa, injini zinanguruma, watu wanapiga makofi, na mimi nikaangalia saa, nikafikiria sharti la saa tisa. Nikainua bendera.

Katika mzunguko wa pili mtoto wa miaka kama sita alivuka njia akifuata mbuzi. Mahali pale hapakuwa na kamba iliyoshikwa wala filimbi. Mwendeshaji aliyekuwa mbele alimwona akiwa amebakiza hatua kumi. Aliilaza pikipiki ubavuni, akateleza nayo mpaka kwenye magunia ya pumba, na pumba zikaruka juu kama moshi. Mtoto alisimama katikati ya njia akitazama. Mlinzi wa kona ya tano akakimbia na bendera nyekundu, wote wakasimama.

Vijana wetu wa huduma ya kwanza tulikuwa tumewafunza wiki mbili jambo moja kuliko yote: aliyeanguka hanyanyuliwi. Kwetu, mtu akianguka barabarani, huruma yetu ni kumkimbilia na kumbeba, mmoja miguu, mwingine mikono, shingo inaning'inia, na kofia inavutwa kwa nguvu. Waliifanya kazi kama walivyofunzwa. Msichana mmoja alipiga magoti akashika kichwa kwa mikono miwili, kofia ikiwa bado kichwani, akamwambia, "Usitikisike, kaka yangu, nisemeshe tu." Wengine watatu wakatandaza mikono kuzuia watu. Dakika kumi hivi zilipita. Alikuwa amechubuka kiwiko na nyonga, basi. Mimi nilikuwa nimesimama juu yao nikiwa bado nimeshika bendera ya kuanzia, na sikuweza kusema neno.

Alikuwapo mama mmoja anayeuza mikate, ile ya kukaangwa kwenye mafuta, aliyekuja na beseni lake kutoka Kimanga kutafuta biashara ya siku mbili. Hakuwa katika watu 46. Wakati wote sisi tulipokuwa tunashughulika na aliyeanguka, yeye aliinua beseni kichwani akatembea mzunguko mzima, kilomita zile 3, kituo kwa kituo, akimpa kila mlinzi mikate miwili na maji kwenye kikombe cha plastiki. Wengi hawakuwa na pesa. Hakudai. Aliporudi beseni lilikuwa tupu. Nilimwendea nikamuuliza ni kiasi gani. Akanitazama kidogo, akasema, "Papa, hawa umewaita kazini. Mtu akiitwa kazini, chakula chake hakiombwi."

Tulisimamisha mbio mpaka walinzi wote walipokula na kurudi mahali pao. Tukapoteza kundi moja la siku hiyo. Usiku nilichukua pesa za sukre za wageni wa heshima na nusu ya zawadi ya mshindi wa tatu, nikampelekea yule mama nyumbani, pamoja na ombi. Jumapili, baada ya misa na ibada, bugali, sombe na ndakala vilifika vituoni kabla ya pikipiki yoyote kuwashwa.

Mbio ya mwisho ilikuwa ya waendeshaji 14, mizunguko minane. Watu walikuwa wengi mno, wamepanda mpaka juu ya miembe, na walikuwa wamekwisha amua kwamba namba 7, kijana wa Kiliba, ndiye mshindi. Alipovuka mstari mbele ya wote kelele ilifika Burundi. Lakini kwenye meza ya waandishi kulikuwa na wasichana watatu. Mmoja alitaja namba ya kila pikipiki iliyopita, wa pili alishika saa ya simu, na wa tatu aliandika. Yule mwandishi alikuwa amemaliza sekondari, akisubiri matokeo ya mtihani wa taifa. Katika daftari lake namba 7 alikuwa na mizunguko saba, na namba 22 minane.

Watu walianza kuisogelea meza. Walinzi wakashikana mikono. Msichana yule alisimama, sauti yake ikitetemeka mwanzoni, akasoma: mzunguko wa kwanza, 7, 22, 11, 30, akaendelea hivyo hivyo, namba kwa namba, mpaka mzunguko wa tatu ambapo namba 7 haikutajwa. Akasoma mpaka mwisho. Kijana wa namba 7 akapenya katikati ya watu, akaweka kidole kwenye mstari ule wa tatu, akakaa kimya. Kisha akasema, "Ni kweli. Ni pale nilipoanguka kona ya tano, nilipita katikati ya shamba kurudi njiani." Akamshika mkono namba 22. Alikuwa na miaka 23, na mbele ya kijiji chake chote. Katika mambo yote ya ile wikendi, hilo la kidole kwenye karatasi ndilo linaloniambia kwamba kazi yetu haikuwa bure.

Kisha nikashika kipaza sauti. Niliwashukuru viongozi kwa vyeo vyao. Niliwashukuru waliotupa pesa, na polisi wa rulaji, wale wa barabarani, na washindi watatu, nikamshukuru Mungu kwa jua. Saa tisa ilikuwa inakaribia, nikafunga. Watu wakatawanyika. Nilipokuwa nakunja waya, kijana wa kona ya tatu akaja. Kamba alikuwa ameikunja vizuri kama mvuvi anavyokunja kamba ya wavu. Filimbi alikuwa ameiosha. "Papa, vitu vyako hivi," akasema, akaondoka kutafuta pikipiki ya kumrudisha mjini. Ndipo nilipotambua kwamba katika maneno yote yale sikuwa nimemtaja hata mmoja wao.

Niliona aibu ambayo sikuweza kuipeleka kwa redio wala kwa barua. Shukrani za jumla zingekuwa rahisi, lakini mtu aliyesimama kona ya tatu hajasimama kwa jumla. Jumatatu nilianza kutembea, nyumba kwa nyumba, na orodha yangu. Nilianzia Kavimvira, nikaja Kasenga, Mulongwe, Kimanga, nikafika mpaka Kalundu bandarini, kisha nikarudi bondeni, Kiliba na Sange. Ilinichukua siku tisa. Sikubeba zawadi, isipokuwa sukari kidogo kwa wazee. Kwa kila mmoja nilisema nini hasa alichokifanya, na kingetokea nini kama asingekuwapo. Na kila mmoja nilimuuliza, "Wewe uliona nini?"

Hawakuwa wameona mashindano. Fundi aliona shene na breki. Msichana wa huduma ya kwanza alikuwa ameona macho ya mtu mmoja ndani ya kofia. Mwandishi alisema aliona karatasi, na vidole vyake, na wino ukiisha katika mzunguko wa sita. Mzee wa Sange alisema aliona bidoni, lakini alikuwa akizihesabu pikipiki kwa masikio, na kila mbio ilipokwisha alingoja kidogo asikie kama watu wanapiga kelele ya furaha au ya kilio. Kijana wa kona ya tatu alinieleza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Alisema aliyaona mashindano kwenye nyuso za watu. Walipofumbua midomo alijua pikipiki zimeingia konani, walipoinama mbele alijua kuna wawili wanabanana, na siku ile ya Jumapili alijua namba 7 ameanguka kwa sababu bibi mmoja mbele yake aliweka mikono kichwani.

Katikati ya Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika usiku, ukachukua nyumba kwa maelfu na watu wengi. Nyumba ya mwandishi wetu ilikuwa karibu na mto. Yeye na ndugu zake waliokoka. Daftari la mizunguko lilikwenda ziwani na vitu vyao vyote. Katika siku zilizofuata niliwaona wengi wa wale 46 kwenye matope, wamefunga kamba, wamesimama wakizuia watoto wasikaribie kingo zilizobomoka. Sikuwapanga mimi. Wengine wao leo wako ng'ambo, Burundi, tangu vita vilipoingia mjini kwetu Desemba 2025. Orodha yangu ninayo bado, na majina yote 46 ninayasoma, pamoja na moja nililoliongeza chini kwa kalamu nyekundu.

Huyo wa mwisho nilimwendea siku ya tisa, jioni, Kimanga. Mama alikuwa anakanda unga wa mikate ya kesho yake. Nilimweleza niliyokuja kumweleza, akanisikiliza huku mikono yake ikiendelea kufanya kazi. Nilipomaliza alifunika beseni kwa kitambaa, akafuta mikono, akanisogezea kigoda.

"Kaa, Papa," akasema. "Sasa nisimulie. Nani alishinda?"

Nikakaa. Nikaanza tangu mzunguko wa kwanza.